Matumbawe ya Bwawa la Mama Avelina

Jumatatu, 9 Juni

Baridi kali. Nimeoga maji yaliyolala nje. Kosa.

Lakini leo ni siku kubwa! Nimeyaona kwenye ubao wa matangazo ofisini, katikati ya chanjo ya mbwa na zamu za usafi: mafunzo ya wasimamizi wa matumbawe, siku kumi, kisiwani Mafia, kuanzia tarehe 30. Kutunza miamba ya bahari, kuotesha matumbawe kwenye vitalu, kuyapandikiza palipokufa. Mkufunzi: Stumai Ramadhani.

Stumai! Nimelisoma jina mara nne. Mhudumu akaniuliza kama nimefiwa.

Nijieleze kidogo, ili shajara hii ikija kusomwa na wajukuu wetu, mimi na Stumai, wasipotee njiani. Mimi ni Leonidas, afisa uvuvi msaidizi, Sumbawanga. Nasimamia mabwawa kumi na moja ya sato. Bahari sijawahi kuiona. Stumai ni binti wa Kasanga, kule ziwani. Tulisoma chuo cha uvuvi pamoja, dawati moja. Yeye akaenda baharini, mimi nikarudi huku juu kwenye upepo. Miaka minne sasa. Siku tunaagana aliniambia nikipata nafasi niende nikaione bahari. Nilikuwa na neno langu la kumwambia. Nilikuwa nimelipanga tangu mwaka wa pili. Nikamwambia safari njema.

Wiki iliyopita ameniandikia kwamba mwezi wa saba anakwenda Australia kuyasomea zaidi matumbawe. Miaka mitano! Kwa hiyo ni sasa, au nimtafute nikiwa na mvi.

Tatizo la kwanza: masharti. Mwombaji awe anasimamia eneo lenye matumbawe, aambatanishe picha, mwisho wa kutuma Jumatatu ijayo. Sumbawanga haina matumbawe. Ina mahindi.

Tatizo la pili: Christopha wa mazingira, meza ya jirani. Ana picha yake mezani, amesimama baharini Bagamoyo, suruali kaikunja hadi magotini. Kila akichukua faili anaisogeza niione vizuri. Leo alinikuta kwenye ubao, akaniuliza kwa nini nisimpigie tu simu Stumai nikamwambia kwamba nampenda. Nikamjibu hayamhusu. Anataka nijiaibishe mapema, nafasi abaki nayo yeye. Namjua vizuri sana.

Jumanne, 10 Juni

Wazo! Limenijia uani. Mama mwenye nyumba wangu, Mama Avelina, alikuwa anapukuchua mahindi na majirani. Lundo la magunzi limefika dirishani kwangu. Nikaokota moja, nikaliinua kwenye mwanga. Lina vitundu. Safu kwa safu! Ukilitazama kwa jicho moja, na ukiwa na mapenzi, ni tumbawe kabisa.

Mpango: magunzi yapakwe rangi, yasimikwe kwenye bwawa la Mama Avelina nyuma ya nyumba, yapigwe picha chini ya maji. Kitalu cha matumbawe ya maji baridi, cha kwanza Ufipa nzima! Siyo uongo kamili. Ni uongo wa muda. Nikishahitimu Mafia nitakuwa msimamizi wa kweli, na kitalu nacho kitakuwa cha kweli kwa namna fulani.

Kazi yenyewe naijua. Kwa miaka minne Stumai amenitumia sauti kumi na nne kwenye simu, akinieleza anachofanya. Nazijua zote kwa moyo. Sauti ya tatu: unachukua vipande vya matumbawe hai, unavifunga kwenye kamba au meza ya chuma chini ya maji, vinakua taratibu. Sauti ya tano: unavisafisha kwa mswaki, kimoja kimoja, la sivyo uchafu unavifunika vinakufa. Sauti ya saba haina neno. Alibonyeza kwa bahati mbaya. Ni dakika nzima ya mawimbi, na mwishoni anakohoa. Hiyo ndiyo ninayoisikiliza zaidi.

Rangi nimepewa na walimu wa chekechea, zilizobaki kwenye ukuta wao: waridi, njano, zambarau. Nimenunua na mswaki mpya wa buluu.

Nimemkumbuka. Nimepaka magunzi thelathini na sita na kila moja nimelipaka nikimkumbuka.

Jumatano, 11 Juni

Magunzi yanaelea! Hili Stumai hakulisema kwenye sauti yoyote. Thelathini na sita yote yalitawanyika bwawani. Sato walikimbia, kisha wakarudi wakaanza kuyadonoa. Nikayaopoa kwa chujio la chai. Maji ya baridi hayaelezeki. Miguu sikuihisi hadi saa sita.

Yanahitaji uzito. Nusu mfuko wa saruji nilikuwa nao, uliobaki tulipotengeneza choo. Na msingi je? Hapo Mungu alinitangulia. Ukingoni nikakuta magunia mawili yamejaa, yamelala nusu majini nusu nje. Mazito! Nikasema ni mchanga wa kuzuia ukingo usimomonyoke. Nikayapaka saruji nyembamba juu na ubavuni, nikasimika magunzi safu tatu. Nikarudi nyuma hatua kumi, nikatazama. Jamani. Machozi yalinilengalenga. Mwamba!

Mama Avelina mwenyewe hayupo. Asubuhi alipita na kikapu chake, anakwenda Milepa kwenye msiba wa wifi yake, hadi wiki ijayo. Alisimama mlangoni akanipa maagizo marefu, mkono ukionyesha huko nyuma ya nyumba. Nilikuwa na spika masikioni, sauti ya kumi na moja, pale Stumai anapocheka. Nikamwitikia ndiyo mama, sawa mama, poleni sana, wasalimie. Mama mzuri yule. Ila maneno anayo mengi.

Jumapili, 15 Juni

Misa ya kwanza. Nimemwomba Mtakatifu Petro, somo wa jumuiya yetu na mvuvi mwenzangu. Nimemkumbusha kwamba hata yeye alikuwa mtu wa ziwani, kwa hiyo ananielewa.

Na amejibu! Nimefika bwawani na simu yangu kwenye mfuko wa mkate, tayari kwa picha, nikakuta mwamba umeota! Kwenye nyufa za saruji, katikati ya magunzi, vimechomoza vijiti vyembamba vya kijani. Mamia! Ni mwani! Nilipiga kelele peke yangu hadi mbuzi wa jirani akanyanyua kichwa.

Ieleweke: sauti ya tisa. Stumai anaeleza kwamba tumbawe ni mnyama mdogo, na ndani ya mwili wake anaishi mwani mdogo zaidi unaomlisha. Maji yakipata joto kupita kiasi, mwani unatoka. Tumbawe linabaki jeupe. Halijafa bado, lakini lina njaa, na linasubiri mwani urudi. Siku nilipoisikia sauti hiyo nilikaa chini palepale ghalani. Nilijijua. Mimi ni tumbawe jeupe, na mwani wangu uko Mafia.

Nimezama hadi kifuani. Picha tano mbaya, moja ya goti langu. Ya saba ni safi ajabu: magunzi ya waridi, mwani wa kijani, na sato mmoja anapita mbele kama amepangwa. Chini nimeandika kwamba kitalu kina siku tano tu na mwani umeshahamia. Meno yaligongana hadi jioni.

Jumatatu, 16 Juni

Fomu inahitaji saini ya mkuu wa idara, Mama Josefina. Nikaichomeka katikati ya karatasi za chakula cha sato, mbinu ya zamani. Mama Josefina husoma kila karatasi. Mbinu mbaya.

Akaniuliza tangu lini bwawa la Avelina lina matumbawe. Nikasema ni utafiti wa awali. Akaitazama picha muda mrefu, akavua miwani, akaivaa tena. Akauliza kama huyu mkufunzi ndiye yule binti wa Kasanga ambaye nilimtaja mara kumi na tisa kwenye ripoti ya mwaka ya mabwawa. Nikasema sikumbuki. Akasaini. Alisema anasaini kwa sababu anataka sana kuliona jibu.

Intaneti ya ofisi ilikuwa imekata. Christopha akaniwashia ya simu yake bila kuombwa. Ni ili baadaye atangaze kwamba alinisaidia. Imekwenda saa tisa kasoro!

Jumanne, 17 Juni

Balaa.

Mama Avelina amerudi. Nilisikia kilio huko nyuma nikajua msiba umemzidi, nikatoka na maneno ya faraja. Nikamkuta amesimama ukingoni, mikono kichwani, anayatazama magunia.

Siyo mchanga. Ni ulezi! Magunia mawili ya ulezi, ameuloweka ili uote uwe kimea, kimea cha pombe ya sikukuu ya jumuiya, Petro na Paulo, tarehe 29. Na yale maagizo ya mlangoni yalikuwa hayo: kesho kutwa niyatoe majini, niyafunike na majani uani, uote vizuri. Anasema nilimwitikia mara tatu. Anasema hata nilitikisa kichwa.

Kwa hiyo ule mwani ni ulezi.

Aliniuliza, na majirani wote wako kwenye ua wanasikiliza, Mfipa gani asiyelijua gunia la ulezi uliolowekwa. Mama yangu mzazi amepika pombe maisha yake yote. Nimelala juu ya magunia hayo nikiwa mtoto. Nilitaka kumwambia kwamba akili yangu ilikuwa baharini. Nikamwambia samahani mama.

Hukumu: nimtolee magunia mawili ya ulezi kutoka shambani kwetu, niuloweke mimi, niutoe mimi, niugeuze mimi asubuhi na jioni hadi uote, niuanike, niusage. Na moto wa pombe niukoke mimi. Nimekubali yote. Bado ananiita Mzungu wa Bwawani, na majirani wamelidaka jina.

Fomu nayo imeshakwenda. Labda wa baharini hawaujui ulezi.

Jumatano, 18 Juni

Amepiga!

Siyo sauti ya kurekodi. Amepiga mwenyewe, saa nne asubuhi, mimi niko bwawa la sita. Nusura simu iwe chakula cha sato. Kwa dakika moja alikuwa anacheka tu. Kisha akasema kwamba matumbawe yangu yameota ulezi.

Nilisahau! Ni mtu wa Rukwa. Bibi yake alikuwa na kimea uani kila mwaka. Anasema waliofungua picha ofisini kwao walikuwa watatu, wawili wakaanza kubishana ni mwani wa jamii gani, yeye akatoka nje akacheka hadi akakaa mchangani. Halafu akalia kidogo, anasema, kwa sababu alisikia harufu ya nyumbani kutoka kwenye picha. Ombi limekataliwa, bila shaka. Nikamwambia bila shaka.

Sasa hapa, shajara, shikilia. Amesema Jumamosi anapita Sumbawanga! Anakwenda Kasanga kumuaga mama yake kabla ya safari. Basi litamshusha stendi saa saba mchana, na gari la Kasanga linaondoka saa tisa. Saa mbili nzima! Ameuliza kama nitakuwepo. Amesema ana jambo la kuniuliza.

Nimesema nitakuwepo. Sauti ilitoka kama ya jogoo mchanga. Baada ya kukata simu nilikaa ukingoni mwa bwawa la sita hadi saa saba. Sikufanya kazi yoyote. Nilikuwa na furaha inayouma.

Ijumaa, 20 Juni

Nimefikiri kwa makini. Nitakutana naye vipi? Kama nani? Mtu aliyepaka magunzi rangi? Atanihurumia. Sitaki huruma. Nataka anione ni mwanasayansi.

Na bahati imekuja. Adolfu wa bodaboda, mteja wangu wa vifaranga vya sato, amenisimulia kwamba kule Mtowisa, bondeni kando ya Ziwa Rukwa, maji yakirudi nyuma wakati wa kiangazi yanaacha mawe meupe, yana matawi, yana vitundu. Matawi! Vitundu! Tumbawe la maji baridi, la kweli, na limekaa hapo bondeni miaka yote likinisubiri! Nikimpa Stumai hilo mkononi, huenda Australia isiwe na maana tena. Atabaki kulichunguza. Nitamshikia kamba ya kupimia.

Tunashuka leo, tunalala kwa shemeji yake Adolfu, tunapanda alfajiri. Saa nne niko stendi nimeshaoga.

Christopha amenisikia. Amenishika bega, akaniomba nisiende popote. Niende tu stendi kesho, nikae kwenye benchi, nisibebe kitu. Alirudia mara mbili, macho makavu. Anaogopa kwamba nitavumbua! Mtu wa mazingira, mawe yako kwenye eneo lake miaka yote, hajayaona.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika haya nimekaa kitandani, nina vumbi hadi kwenye ulimi.

Mawe nimeyapata. Meupe, yana matawi. Nimechukua moja kubwa mfano wa kichwa cha ndama, nikalifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira. Tumeondoka saa kumi na mbili kama tulivyopanga. Pancha ya kwanza kabla ya mlima. Pancha ya pili chini ya mlima. Kisha mnyororo. Adolfu akaenda kwa miguu kutafuta fundi, mimi nikabaki nalinda tumbawe. Hakuna mtandao kule. Kundi la ng'ombe likapita, likasimama, likaanza kulilamba jiwe langu. Nilipiga kelele, nikapunga shati. Wale ng'ombe walinitazama usoni wakaendelea kulamba. Matawi mawili yamekwenda.

Saa saba nilikuwa chini ya mlima. Saa nane nilikuwa chini ya mlima. Saa tisa nililia, niseme ukweli, na Adolfu akageuka kutazama upande mwingine.

Nimefika stendi saa kumi na moja jioni. Mtandao uliporudi simu ikaanza kulia bila kukoma. Stumai amepiga mara sita. Christopha mara kumi na saba! Kumi na saba. Wivu wa namna gani huu?

Jumapili, 22 Juni

Mama Avelina ameninunia wakati wa kugeuza kimea, halafu akashindwa kukaa kimya. Anasema Stumai aliningoja stendi, kisha Christopha akamleta hapa nyumbani kwa pikipiki ya ofisi. Alimwamkia shikamoo vizuri, akanywa uji wa ulezi vikombe viwili, akaomba kuuona mwamba. Alichuchumaa pale ukingoni akayagusa magunzi yote, moja moja. Hakucheka, anasema Mama Avelina. Alimuuliza kama nina mchumba. Mama Avelina akamjibu kwamba nina magunzi.

Kiti alichokalia bado kiko uani. Nimekiacha palepale.

Ameniachia mswaki. Mkuukuu, nywele zimelala zote upande mmoja. Amesema huo ndio aliosafishia kitalu chake tangu mwaka wa kwanza, na sasa amekikabidhi kwa mwingine. Nimeunusa. Una chumvi. Ndiyo mara ya kwanza nimekutana na bahari.

Na ujumbe! Jumatano anarudi pwani. Jumanne jioni atalala kwa shangazi yake hapa mjini, Jumatano saa kumi na mbili asubuhi anapanda basi la Dar es Salaam. Nije stendi mapema. Na nije mikono mitupu. Mama Avelina anasema alilirudia hilo, na akamwomba anieleze nikiwa sina kitu masikioni.

Kuhusu jiwe: nilianza kulisafisha kwa mswaki wangu wa buluu, likayeyuka. Nikafikiri ni ugonjwa wa matumbawe. Mama Avelina akachovya kidole, akaonja. Magadi. Akaniuliza Mfipa gani asiyeyajua magadi. Amelichukua lote lililobaki, anasema maharage ya sikukuu yataiva upesi.

Jumatano, 25 Juni

Ushindi! Nusu ya ushindi. Niandike kabla sijasahau chochote.

Mikono mitupu! Nilicheka nilipolifikiria. Ni adabu tu ya mgeni, kila mtu anajua. Huku kwetu msafiri haondoki hivihivi. Utamwachaje mtu anakwenda Australia hana hata unga? Nimefika stendi saa kumi na moja na jogoo, debe la unga wa ulezi, na karai. Kwenye karai, kipande cha mwamba wenyewe! Nilikimega jana kwa nyundo: saruji, magunzi saba ya waridi, na ulezi wa kijani bado umesimama juu yake. Nimeuwekea maji. Nilitaka aone nyumbani kila akifungua macho.

Christopha alikuwepo. Sijui alifuata nini. Akanishikia jogoo.

Kondakta alikataa karai. Anasema mzigo wa maji haupandi. Nikamweleza ni sayansi. Akasema sayansi ipande juu ya keria. Juu kuna upepo, ulezi utavunjika! Tukabishana, hatimaye akafungua buti. Nikaingia mwenyewe hadi kiunoni, nikapanga masanduku ya watu huku na huku ili karai lisimame wima. Kazi ya makini. Katikati ya kazi mtu akanigusa mgongoni. Nikasema subiri. Akanigusa tena, taratibu. Nikasema ndugu yangu kondakta subiri kidogo, hii ni roho yangu. Hakunigusa tena.

Nilipotoka, buti likafungwa, honi ikalia. Kondakta yuko mbele kabisa mlangoni, anahesabu abiria. Muda wote alikuwa huko mbele.

Stumai alikuwa dirishani. Mtandio wa kijani. Amekonda, na jua la bahari limemwivisha uso, na nilimpenda kuliko nilivyokuwa nampenda jana, na jana nilidhani nimefika mwisho. Nikamwonyesha buti kwa vidole vyote. Nikapiga kelele kwamba amwagilie. Akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akaacha kucheka, akatoa kichwa nje, akasema kitu. Si kirefu. Injini ilikuwa inanguruma upande wangu. Sikusikia hata neno. Nikainua dole gumba, nikasema sawa, sawa.

Basi likaondoka. Nimekimbia nalo hadi kwenye geti.

Neno langu sikulisema. Nililisahau kwa ajili ya karai.

Lakini karai limekwenda! Magunzi ya Sumbawanga yataiona bahari. Na lazima atanipigia kunieleza yamefikaje.

Alhamisi, 26 Juni

Hajapiga. Safari ni ndefu.

Christopha alikuwa amesimama upande wa dirisha jana, na jogoo wangu kwapani (tulisahau kumpakia, sasa yuko na kuku wa Mama Avelina). Anasema yeye alisikia alichosema Stumai. Anasema nitataka kukijua, tena leo, kwa sababu bado kuna wiki mbili kabla ya Australia. Amekuja mezani kwangu mara tatu. Mara ya kwanza nikaenda kupima maji bwawa la pili. Mara ya pili nikahesabu vifaranga kwa sauti. Mara ya tatu nikavaa spika masikioni, nikaweka sauti ya saba, mawimbi. Midomo yake ikawa inacheza. Hata Mama Josefina alitoka ofisini kwake akasimama karibu naye, wakanitazama wote wawili. Maneno ya Stumai nitayapata kwa Stumai, siyo kwa mtu wa Bagamoyo.

Mwishowe Christopha aliandika kwenye karatasi, akaikunja mara nne, akaichomeka mfukoni kwangu, akaenda zake hajaaga.

Mimi nina mpango mpya, na huu hauna kasoro. Nimetafuta kwenye simu: chuo kile cha Australia kina nafasi za wasimamizi wa vitalu kutoka nje. Mwombaji aonyeshe kitalu alichokitunza miaka miwili. Nimebakiwa na magunzi ishirini na tisa. Leo nimeyasafisha yote kwa mswaki wake, moja moja, kama sauti ya tano inavyosema, nikiliambia kila moja lile neno langu ili siku ikifika lisinipotee. Mwaka 2027 nitakuwa tayari.

Jioni zamu yangu ya moto. Chungu cha Mama Avelina ni kikubwa, kuni zilikuwa mbichi, upepo unazima kila kibiriti. Nikapapasa mifukoni nitafute cha kuwashia. Karatasi ya Christopha imeshika mara moja. Pombe itawahi sikukuu.